UZI: Kongamano dogo la mashabiki wa saifai, siku nzima ilivyokwenda na kwa nini mi makubwa siyataki tena

Mzizi wa Anga (mleta uzi)

Wakuu salama? Kuna watu wananisumbua inboksi kuuliza haya makongamano ya mashabiki wa saifai, yani hadithi za kubuni za kisayansi, yakoje hasa, wengine wameshajijibu wenyewe kwamba ni watu wazima wamevaa makadibodi wanapigana picha basi. Jumamosi nilikuwa kwenye moja dogo, dogo kweli, la siku moja, ukumbi mmoja na vivyumba viwili pembeni, nikasema ngoja niandike yote hapa tumalizane. Uzi mrefu, asiye na bando arudi baadae.

Asubuhi unafika mezani unapewa beji unaandika jina lako. Sasa hapo kwenye jina ndo pana raha yake maana unaandika unaloitwa mtandaoni, kwaiyo yule jamaa mnayerushiana maneno usiku wa manane kuhusu kama roboti anaweza kushtakiwa mahakamani unakuta ni mzee wa watu mpole, ana miwani, anakupisha mlangoni. Pamoja na beji wanakupa karatasi ya ratiba. Iheshimu ile karatasi mpaka saa tano, baada ya hapo isamehe tu, kuna msemaji atanogewa hashuki na anayemfuata atakuwa bado anabishana na projekta.

Mjadala wa kwanza ndo uliofanya siku yangu. Mada ilikuwa safari ya kwenda nyota nyingine, mezani watu watatu, mwalimu wa fizikia, mwandishi wa hadithi, na shabiki tu kama mimi na wewe. Ticha akaanza na hesabu. Chombo cha anga cha Voyager 1, kisicho na watu, kilirushwa mwaka 1977, kinakimbia kama kilomita 17 kwa sekunde, yani ukikohoa kimeshapita kijiji. Nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka nuru 4.24, yani hata mwanga wenyewe unatumia miaka zaidi ya minne kufika. Kwa mwendo ule ule wa Voyager, kufika huko ni miaka kama 75,000. Ukumbi kimya. Kisha mwandishi akasema haya, kama hatuna injini ya ajabu basi tutajenga chombo ambacho watu wanazaliwa humo, wanaoana humo, wanazikwa humo, kitakachofika ni kizazi cha mbali huko.

Nyuma kabisa kuna kijana akanyoosha mkono, wala hakuwa na maneno mengi. Akauliza, hawa wa katikati, ambao hawakuiona dunia na hawataiona hiyo nyota, nani aliwauliza?

Wee! Palichafuka. Mama mmoja akasimama akasema hata sisi hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuzaliwa hapa, mbona tunaishi. Kijana akamjibu mama, hapa ukichoka na kwenu unaweza kuhama, kule unahamia wapi, chumba cha pili? Mwingine akaja na swali la sheria, chombo kikifika kizazi cha kumi halafu watu wote wakapiga kura kurudi, nahodha awatii hao au awatii waliomtuma ambao wameshakufa zamani? Ticha kalamu imeshuka mezani anasikiliza tu. Muda ukaisha, tukatolewa, mjadala ukahamia koridoni, nimekula mchana nimesimama na hawa watu na bado hatujamaliza.

Mchana kulikuwa na mada ya mawasiliano na Mars, nayo ilikuwa poa. Ujumbe wa redio kutoka huku kwenda Mars unachukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kutegemea sayari zimekaaje, kwenda tu, bado jibu kurudi. Mwandishi akasema watu wengi wanaona hiyo ni kero wanairuka kwenye hadithi, ye anaona hapo ndo hadithi ilipo. Mama anamwambia mwanae samahani, halafu anakaa dakika arobaini hajui kama amesamehewa. Niliandika hiyo kwenye simu.

Sasa hoja yangu ndo hii. Kwenye makongamano makubwa kuna vyumba vingi kwa wakati mmoja, kwaiyo wa maroketi anaenda na wa maroketi wenzie, wa mazimwi na wa mazimwi, wa kosplei, wale wanaovaa kama wahusika wa hadithi, wanakaa mbele ya kamera, jioni kila mtu anarudi na yale yale aliyokuja nayo. Kwenye dogo chumba ni kimoja, hutaki roketi utasikiliza roketi. Na mgeni wa heshima hana mlango wake wa nyuma, amekaa kiti cha plastiki kama changu, nimemuuliza swali langu tukiwa tunasubiri choo. Kule kwa wakubwa swali hilo ungepanga foleni na lisingefika.

Naomba kuwasilisha.

---

Kinyozi Mstaafu

Mkuu umeandika vizuri sikatai. Ila kwa heshima zote, mtu mzima, ana familia, anatoka nyumbani Jumamosi amevaa helmeti ya sponji, huu si utoto kweli? Nauliza tu msinipige mawe.

---

Bibi Gundi

Kinyozi Mstaafu mzee wangu shikamoo. Kuna watu wazima wanatoka nyumbani na jezi yenye jina la mwanaume mwingine mgongoni, timu ikifungwa hawali, na hao hujawahi kuwauliza. Haya tuendelee.

Mi ndo wale wa kosplei, na Jumamosi hiyo nilikuwepo (mleta uzi nadhani wewe ni yule wa shati la bluu uliyekuwa unaziba mlango na mjadala wako). Watu wanaona vazi limesimama hawajui kilicho nyuma yake. Deraya yangu ni mikeka ya sponji, ile ya vipande vinavyoshikana wanayowekewa watoto wachezee. Unachora kiolezo kwenye karatasi kwanza, unajivika hiyo karatasi kwa selotepu uone inakaaje, ndo unakata, na kisu kiwe kikali cha kweli maana butu linachana sponji linaacha meno. Kisha unapitisha upepo wa moto, ile mashine ya kubandulia rangi, sponji linalainika unalikunja kwenye goti lako au kwenye sufuria linashika umbo, na juu linajifunga vitundu linang'aa kidogo, hapo rangi itakaa. Kuunganisha ni gundi ya mafundi viatu, unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa hainati kidole tena, ndo unakutanisha. Ukikutanisha kombo umeumia, hairudi. Na madirisha yawe wazi jamani, ile harufu sio mchezo.

Ila shida yote iko siku yenyewe. Ndani ya helmeti pumzi yako mwenyewe inageuka ukungu kwenye kioo, huoni ngazi. Mi nimefunga kifeni cha kompyuta humo ndani na betri nyuma ya shingo. Kukaa siwezi, paja halipindi. Kwenda msalani ni mradi wa watu wawili. Ndo maana kila mtu wa kosplei ana mwenzie asiyevaa kitu, anambebea simu na maji na gundi ya dharura, huyo ndo anastahili zawadi kuliko sisi.

Halafu mjue kabisa, silaha zote za kuchezea zinakaguliwa mlangoni, upanga unafungwa kwenye ala usichomoke, bunduki inawekewa alama. Na kuvaa sio ruhusa ya kushikwa. Unataka picha unaomba, unataka kugusa bega la deraya unaomba, ukiambiwa hapana unaenda zako. Kwenye dogo hili linafuatwa vizuri kuliko makubwa kwa sababu kila mtu anajua sura ya kila mtu.

---

Kobe wa Maktaba

Uzi mtamu. Niongeze historia kidogo maana mleta uzi anasema dogo ni bora na historia iko upande wake.

Haya mambo yalianza madogo kabisa. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha jarida Marekani, Amazing Stories, la hadithi za kisayansi tupu, na kwenye kurasa za barua akawa anachapa na anwani za wasomaji. Hapo ndo kila kitu. Mtu aliyedhani yuko peke yake na wazimu wake akaona kumbe mtaa wa pili kuna mwingine, wakaandikiana, wakaunda vilabu, wakaanza kutoa vijarida vyao wenyewe. Tarehe 3 Januari 1937 mashabiki wa Uingereza wakakutana Leeds, watu kama ishirini tu, chumba kimoja. Mmojawapo alikuwa kijana anaitwa Arthur C. Clarke, baadae mwandishi mkubwa wa saifai, hapo ana miaka 19. Miaka minane mbele, 1945, huyo huyo akaandika makala akieleza kwamba ukiweka kituo cha redio angani kama kilomita 36,000 juu ya ikweta kitazunguka sambamba na dunia, kitaonekana kimesimama, na vitatu tu vinatosha kuhudumia karibu dunia nzima. Leo madishi ya runinga yameelekezwa huko huko alikosema.

Sisemi ile chumba ndo kilimpa wazo, nasema ukiona watu ishirini wamekaa wanabishana kuhusu anga usiwacheke haraka.

---

Mpinga Kila Kitu

Sahihisho. Kongamano la kwanza sio Leeds, ni Philadelphia, Oktoba 1936.

---

Kobe wa Maktaba

Nilijua lazima utakuja. 1936 mashabiki wachache wa New York walipanda treni wakaenda kuwatembelea wenzao Philadelphia, walipofika wakakubaliana tu kwamba haya leo hii tuite kongamano. Leeds lilipangwa na kutangazwa kabla, ndo maana watu wengi tunalihesabu hilo. Ugomvi huu una umri mkubwa kuliko wewe na mimi, tuuache ulivyo.

---

Mpinga Kila Kitu

Siuachi. Ila endelea.

---

Kobe wa Maktaba

Haya, kongamano la dunia, Worldcon, lilianza New York Julai 1939, watu kama 200. Na hapo hapo kwenye la kwanza pakawa na fitina, vijana sita wa klabu pinzani wakazuiwa mlangoni, waandaaji waliogopa wataleta siasa na vipeperushi. Mmoja wa waliozuiwa, Frederik Pohl, baadae akaja kushinda Hugo, tuzo ya saifai inayotolewa Worldcon, tena zaidi ya mara moja. Kwaiyo wale mnaolalamika vikundi vya WhatsApp vya mashabiki vina majungu, majungu ni urithi.

---

Bibi Gundi

Kobe hapo 1939 umeruka la maana. Ndo mara ya kwanza watu kuja kongamanoni na mavazi, mashabiki wawili, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, mavazi ya watu wa siku zijazo, kepu na kila kitu. Miaka na miaka sifa ikawa inapewa Ackerman. Aliyeyabuni na kuyashona yote mawili ni Myrtle. Nimemaliza.

---

Kobe wa Maktaba

Nakazia. Laiki yako hiyo dada.

---

Kimya Kingi

Habari zenu. Mi nafuatilia uzi tangu asubuhi, ni mtu wa kusoma tu sio wa kuongea. Napenda sana hizi hadithi ila sina hata rafiki mmoja anayesoma. Nikienda peke yangu sitaonekana kituko? Nitaongea nini na watu siwajui?

---

Mzizi wa Anga

Karibu mkuu, wewe ndo nilikuwa nakusubiri. Kule nusu ya watu ni wewe. Utamuona mtu amesimama ukutani anasoma ratiba, anairudia mara ya nne, sio kwamba haielewi, anatafuta pa kuweka macho. Mfate muulize unaenda mjadala upi.

Ila dawa ya kweli ni kujitolea. Waandikie waandaaji kabla, waambie nataka kusaidia saa mbili mezani. Utakaa mlangoni unagawa beji, kila atakayepita atakusalimia yeye, wewe kazi yako kusema karibu na kuonyesha choo kilipo. Ikifika mchana sura zote unazijua na zote zinakujua. Kuongea kunakuwa rahisi mtu akiwa na kazi mkononi.

Na usiogope kutojua vitabu vyote. Mtu akikuuliza umesoma kile, sema sijasoma nisimulie. Hakuna sentensi inayofurahisha shabiki kama hiyo, jiandae tu kukaa.

---

Fundi Waya

Hapo kwenye kujitolea naomba niingie maana mi ndo niliyekuwa nabishana na hiyo projekta aliyoisema mleta uzi, asante sana kwa kunitangaza.

Watu wanadhani kuna kampuni inaandaa. Hakuna. Hata Worldcon lenyewe na ukubwa wake linaendeshwa na watu wa kujitolea, hakuna mwenye mshahara pale. Sasa kwenye letu dogo ina maana tuko kiganja cha watu, huyu anapanga viti huyu huyu ndo anatambulisha mgeni. Kwa mnaotaka kuanzisha lenu nawaambia vitu vinavyoua siku sio vikubwa. Ni waya wa kuunganisha kompyuta ya msemaji ambayo tundu lake ni la aina ingine na waya wako, beba adapta za kila namna. Ni maiki moja tu iliyopo na watu wa nyuma hawasikii maswali, mwambie msemaji arudie swali kabla hajajibu. Ni kuweka mada mbili nzito mfululizo bila pumziko, watu wanaanza kuvuja mmoja mmoja na hawarudi.

Kikubwa kuliko vyote ni muongoza mjadala. Watu wanachukua yeyote mwenye sauti, kosa. Muongozaji mzuri ni yule anayeweza kumkata mtu na mtu akaona ameheshimiwa. Kila kongamano lina bwana mmoja anayenyoosha mkono anasema ninalo swali dogo, halafu anatoa hotuba ya dakika sita isiyo na alama ya kuuliza. Huyo usipomdhibiti kwenye mada ya kwanza siku nzima ni yake. Sisi tunamkatiza kwa kumshukuru. "Asante sana, nani mezani angependa kuanzia hapo?" Inafanya kazi.

Ile mada ya safari ya nyota ilinoga kwa sababu muongozaji alinyamaza. Alipoona kijana ameuliza na ukumbi umewaka aliweka karatasi yake chini. Kunyamaza nako ni ufundi.

Halafu kwa mnaokwenda yale ya siku mbili tatu, kuna kanuni ya zamani ya mashabiki, tano mbili moja. Kila siku angalau saa tano za usingizi, milo miwili, na kuoga mara moja. Ya mwisho naisisitiza, na Bibi Gundi atanielewa, sponji halipumui.

---

Bibi Gundi

Naelewa na nilioga.

---

Mkazi wa Zohali

Swali, hilo Worldcon lishawahi kuja Afrika? Na hiyo tuzo ya Hugo nani anachagua, majaji au?

---

Kobe wa Maktaba

Afrika bado. Limezungukia sana Marekani na Uingereza, Asia lilifika mara ya kwanza 2007 Yokohama, kisha Chengdu 2023. Mahali linapokwenda linapigiwa kura na wanachama wenyewe, kwaiyo ni suala la wanachama wa huku kuwa wengi na wapiga kura.

Hugo hakuna majaji. Zilitolewa mara ya kwanza 1953, na wanaopendekeza na kupiga kura ni wanachama wa Worldcon, hata asiyesafiri anaweza kulipia uanachama akapiga kura akiwa kitandani. Kwa bara letu kuna tuzo za Nommo, zilianza kutolewa 2017, za waandishi wa Kiafrika wa hadithi za namna hii, nazo wanachama ndo wanapiga kura.

---

Mpinga Kila Kitu

Narudi kwa mleta uzi. Dogo dogo unalisifia lakini umeficha upande wa pili. Kwenye dogo meza za vitabu ni mbili na zote zina vile vile. Msemaji asipokuja siku imekufa, hakuna wa kuziba. Na ukikosana na mtu mmoja umekosana na kongamano zima maana koridoni mtapishana mpaka jioni. Kule kwa wakubwa unampotezea.

---

Mzizi wa Anga

Vitabu nakubali, meza zilikuwa za kuhuzunisha. La msemaji nalo nakubali nusu, maana Jumamosi wa saa tisa kweli hakuja, Fundi Waya akaweka viti duara akasema kila mtu aelezee teknolojia moja ya kwenye hadithi ambayo hataki ije kutokea kweli. Dada mmoja akasema mashine ya kusoma mawazo, watu wakaguna kwamba hiyo kila mtu anaisema. Akasema hapana, mi siogopi watu wasome yangu, naogopa nisome ya mama yangu nikute hanifikirii. Hebu niambie ni msemaji gani angetupa hiyo.

La kukosana ndo hapo tunatofautiana kabisa. Yule mama na yule kijana walibishana asubuhi mpaka wakanuniana, saa kumi nawakuta koridoni wanachora mpango wa chombo nyuma ya karatasi ya ratiba, mama amekubali chombo kiwe na mlango wa kurudi, kijana amekubali watoto wafundishwe kuhusu dunia ila wasilazimishwe kuilia. Wangekuwa na vyumba ishirini vya kukimbilia wasingefika hapo.

---

Mpinga Kila Kitu

Mlango wa kurudi mafuta watatoa wapi?

---

Mzizi wa Anga

Ndo mjadala wa kongamano lijalo huo, njoo uulize mwenyewe.

---

Kimya Kingi

Nimewaandikia waandaaji. Wamesema meza ya beji nafasi ipo.

---

Fundi Waya

Wewe ndo uliyetuma ujumbe saa ile? Mi ndo nimekujibu. Njoo mapema saa moja na nusu, na kama una adapta njoo nayo.

---

Kinyozi Mstaafu

Bibi Gundi marahaba, sikukujibu salamu mapema samahani. Hiyo mikeka ya sponji unene wake ni milimita ngapi? Kuna mtoto wa dada yangu kaniuliza.

---

Bibi Gundi

Kifua na mabega milimita 10, mikono na nakshi 5, urembo mwembamba 2. Helmeti tumia 5 ndo inapindika vizuri. Mpime huyo mtoto kichwa, pitisha futi kamba juu ya nyusi na masikio mzunguko mzima, uniambie nikutumie kiolezo.

---

Kinyozi Mstaafu

58.

---

Bibi Gundi

Sentimita 58. Na huyo mtoto ana upara au nywele, maana inabadilisha kiolezo?

---

Kinyozi Mstaafu

Tuma tu kiolezo.